Tundu la Ndoo ya Bibi Lata

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la Shinyanga halijaanza kuwasaka watu vichwani, uwanja wa nyumba ya Bibi Lata mtaani Ngokolo ulikuwa umeshajaa. Shangazi Klara alikuwa ameinamia jiko lake la mkaa, mkono mmoja ukigeuza chapati, mwingine ukimwita anayepita aingie. Kwenye mabenchi walikaa madereva wa bodaboda, mafundi ujenzi, wapangaji wa vyumba vya nyuma, na yeyote mwenye dakika kumi za kupoteza. Pale kwa Klara chai ililipiwa, lakini habari zilikuwa bure. Nani kahamia, nani kahama, mbuzi wa nani kala madaftari ya darasa la nne: yote uliyapata kabla hujamaliza kikombe.

Apolonia alipita katikati ya maneno hayo akiwa na beseni la vikombe vichafu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na baba yake alikuwa kaka wa Klara. Januari alikuwa ametoka kijijini kwao, mbele ya Mhunze, aje kusoma mjini. Kazi zake za asubuhi alizijua kwa mpangilio: kufagia uwanja, kuchota maji bombani, kuosha vikombe, kisha kuoga na kuvaa sare. Tangu mwisho wa Septemba kazi moja ilikuwa imeongezeka. Ilikuwa kazi ndogo kuliko zote, na ndiyo iliyokuja kumkosesha raha.

Kazi hiyo ilikuwa kuutunza mlimdo wa Bibi Lata.

Bibi Lata ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Jina lake kamili ni Lataben, mjane wa mfanyabiashara wa vitambaa. Alizaliwa Shinyanga hii hii, na Kisukuma alikijua kuliko baadhi ya wapangaji wake. Kila asubuhi alitoka kibarazani na kuwasalimia watu wa mabenchi, "Mwangaluka," nao wakamwitikia kwa sauti moja. Pembeni ya mlango wake, kwenye kivuli cha kibaraza, kulikuwa na ndoo kuukuu ya rangi ya lita ishirini, na ndani yake mti mfupi wenye majani membamba yanayonukia. Kila alipopika dengu aliyachuma majani machache na kuyatupia kwenye mafuta ya moto, na harufu ikawafikia watu hadi barabarani. Kwa Kigujarati, lugha ya nyumbani kwao, majani hayo huitwa limdo. Wapangaji wakasikia limdo, wakasema mlimdo. Apolonia alipofika yeye alisikia mlimau, akasubiri malimau hadi mwezi wa tatu. Klara alipogundua, aliwasimulia watu wa mabenchi wote, na tangu hapo dereva mmoja wa bodaboda aitwaye Davis hakuacha kumuuliza, "Apo, vipi, malimau bado?"

Mwisho wa Septemba mkwe wa Bibi Lata alijifungua huko Geita, ambako mwanawe Mansukhlal ana duka la vifaa vya ujenzi. Bibi akafunga mizigo ya wiki nne. Kabla ya kupanda gari alimwita Apolonia kibarazani.

"Huyu alikuja hapa akiwa kama kidole," alisema akiugusa mti. "Dada yangu alinipa kule Tabora, kamfunga kwenye kitambaa kibichi. Dada mwenyewe hayupo tena duniani. Sasa nisikilize. Utampa maji asubuhi tu. Utamimina polepole kwa kikombe hiki, na utaona yanatoka kwenye tundu hili hapa chini. Yakitoka, basi, ameshiba."

"Ndiyo, Bibi."

"Na ukiona jambo hulielewi, niulize. Simu ya shangazi yako inaongea na mji mzima. Siku moja iongee na mimi."

Klara alicheka kuliko wote.

Siku ya kwanza Apolonia alimimina maji kama alivyofundishwa. Yalitoka kwenye lile tundu, ubavuni mwa ndoo karibu na kitako, yakatambaa juu ya sakafu ya saruji na kukauka mbele ya macho yake. Ilimuuma. Siku ya pili yakatoka tena, ikamuuma zaidi.

Kijijini kwao maji hayakuwa kitu cha kuangalia yakipotea. Wakati wa kiangazi waliyachota kwenye visima walivyofukua katika mchanga wa mto mkavu, unakaa nusu saa kusubiri ndoo moja ijae. Bibi yake aliyanawia uso, akayatunza yasuuze vyombo, kisha akawapa mbuzi. Mtoto aliyemwaga kata moja alisemwa mpaka jua linazama. Sasa huku mjini maji ya bomba, meupe, safi, yanapita kwenye ndoo na kwenda zake kama vile hayana mwenyewe. Hata kama Bibi Lata alisema yatoke, Apolonia aliona lazima kuna namna bora zaidi.

Siku ya tatu aliipata. Alichana kipande cha kanga iliyochakaa, akakisokota, akakishindilia kwenye tundu. Juu yake akakandika udongo mweusi wa mbugani, ule unaong'ang'ania viatu masika, akaulainisha kwa kidole kilicholowa kama alivyomwona bibi yake akiziba mtungi uliopasuka. Kesho yake alimimina maji na halikutoka hata tone. Alisimama akaitazama kazi yake na kujisifu kimoyomoyo. Bibi Lata angerudi akute mti umenenepa, na hakuna maji yaliyopotea.

Wiki hiyo hiyo biashara ya Klara ilikua, akahitaji sehemu ya benchi la tatu. "Apo, hebu tuisogeze hiyo ndoo," alisema. Waliisukuma wote wawili kutoka kivulini hadi upande wa pili wa uwanja, kwenye ukuta wa mabati. "Mti ni mti," Klara alisema akijipangusa jasho. "Unapenda jua."

Oktoba ya Shinyanga si mwezi wa kuchezea. Saa sita mchana bati lile ulikuwa huwezi kuligusa, na saruji chini yake ilichoma hadi ndani ya kandambili. Apolonia aliporudi kula chakula cha mchana aliukuta mlimdo umelegea, majani yamening'inia kama nguo kwenye kamba. Ana kiu, alisema moyoni, akaupa kikombe. Jioni akaukuta bado umelegea, akaupa kingine. Kesho yake vitatu. Kadiri ulivyolegea ndivyo alivyouongezea, na kadiri alivyouongezea ndivyo ulivyolegea. Majani yakaanza kugeuka manjano, kisha yakaanza kudondoka. Kufikia wiki ya pili tawi moja lilikuwa tupu kabisa.

Mti wa mwenye nyumba haufi kimyakimya, hasa ukifia mita tano kutoka mabenchi ya Klara.

Jumanne neno la kwanza lilisemwa na Klara mwenyewe. Nyumba ile ilikuwa na dobi, mwanamke mrefu, mkimya, jina lake Asteria, ingawa wengi walimwita Mama Boaz kwa jina la mwanawe. Alikuja kila Jumanne na Jumamosi, akafua kwa Bibi Lata na kwa wapangaji, kisha akaenda na beseni lake nyumba nyingine tatu za mtaa. Miaka ya nyuma aliishi Geita akiwapikia wachimbaji dhahabu. Alifua vizuri, lakini hakukaa kwenye mabenchi, hakuchangia habari, na asiyechangia habari ni rahisi yeye kugeuzwa habari.

"Jumamosi niliona povu pale kwenye mabati kwa macho yangu haya," Klara alisema kabla dobi hajafika. "Maji ya sabuni yale. Mti gani utapona?"

Jumatano povu lilikuwa limeshakuwa beseni zima. Alhamisi Davis aliuliza, akiwa na chapati mdomoni, kama si Mama Boaz huyo huyo aliyewahi kuomba chumba hapo akakosa. Hapo kila mtu akakumbuka. Kufikia chai ya mwisho siku hiyo, maji ya sabuni yalikuwa yamemwagwa kwa makusudi, kwa kinyongo, na kuna mtu aliyemjua mtu aliyeona.

Klara alipiga simu Geita, akaiweka sauti kubwa wote wasikie. Bibi Lata alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi asije Jumamosi," Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nikirudi nitazungumza naye."

Apolonia alikuwa amechuchumaa kando, anaosha vikombe. Alisikia kila neno.

Jioni ile alikwenda kwenye ndoo, akapiga magoti na kuchomeka kidole kwenye udongo. Kilizama kama kwenye uji. Alipokitoa, harufu iliyomfikia puani ilikuwa ya mtaro wa sokoni. Akainama chini na kulitazama tundu aliloliziba, bado limekandikwa vizuri, halina hata ufa. Maji yote aliyoyamimina kwa wiki mbili yalikuwa bado mle ndani. Mti haukuwa na kiu. Ulikuwa unazama.

Hakumwita mtu. Alingoja kesho yake alfajiri, kabla mkaa haujashika, akachokonoa udongo na kuivuta ile kanga. Maji meusi yakatoka kwa kishindo, yakamlowesha miguu. Aliyafagia haraka haraka, akaificha kanga. Alijiambia kwamba sasa mti utapona, Bibi atarudi aukute mzima, na mambo yatajifia yenyewe. Lakini moyo haukukubali kutulia. Tangu Januari alikuwa na maneno ya shangazi yake kichwani: "Hapa tunaishi kwa watu, Apo. Ukishindwa kuaminika, mabasi ya Mhunze yanaondoka kila siku." Alipenda shule yake. Alipenda hata kelele za mabenchi. Akanyamaza Ijumaa nzima.

Jumamosi saa mbili Asteria aliingia getini na beseni lake kichwani. Mabenchi yalinyamaza ghafla, na hilo peke yake lilitosha kumwambia kuna jambo.

"Mama Boaz," Klara alisema bila kuacha kugeuza chapati, "leo usishushe beseni. Mwenye nyumba kasema usije mpaka arudi. Ni kwa ajili ya mti wake ule, unajua mwenyewe."

Asteria aliutazama mti kule kwenye mabati. "Najua nini?"

"Maji ya sabuni."

"Maji ya sabuni mimi namwaga chooni. Siku zote."

"Sisi tumesema tu tulichoambiwa," Klara alijibu, ingawa yeye ndiye aliyewaambia.

Asteria aliwatazama mmoja mmoja kwenye mabenchi. Davis akapata shughuli na kamba ya kiatu. Apolonia alikuwa amesimama na kikombe mkononi, na macho ya Asteria yalimpitia bila kusimama. Kisha mama yule akageuka, akatoka.

Apolonia aliweka kikombe chini na kumfuata kwa mbali. Alimwona akibisha kwenye geti la bluu, nyumba ya pili. Mtu alichungulia, akasema maneno mawili, geti likafungwa. Nyumba ya tatu hawakufungua kabisa. Sauti ya mwanamke ilisikika kutoka ndani, "Mama Boaz, tumesikia, tutakuita." Maneno yalikuwa yamefika kabla yake, na nyumba ya nne hakuona haja ya kuijaribu. Asteria akasimama katikati ya barabara, jua limeshaanza kuuma, beseni kichwani na mahali pa kwenda hana.

"Mama, shikamoo," Apolonia alisema nyuma yake.

"Marahaba. Umetumwa?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe. Si sabuni. Ni mimi. Niliziba tundu la ndoo ili maji yasipotee. Yakajaa ndani."

Asteria alishusha beseni taratibu. "Uliziba lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Na ulijua lini kwamba ndicho kinachomwua?"

"Juzi jioni."

"Juzi. Kwa hiyo jana ulikuwa unajua. Na leo, wakati shangazi yako ananifukuza mbele ya watu, ulikuwa umesimama pale na kikombe."

"Ndiyo."

Apolonia alitegemea kugombezwa, hata kupigwa. Asteria hakufanya lolote kati ya hayo.

"Sasa mimi unaniambia ya nini?" aliuliza. "Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba si mimi. Kawaambie wasiojua."

Njia ya kurudi ilikuwa fupi mno. Apolonia alitamani ingekuwa ya kwenda Mhunze kwa miguu. Alipoingia getini mabenchi yalikuwa yamejaa kuliko siku nyingine, Jumamosi watu hawana haraka, na walikuwa wanayachambua yaliyotokea.

"Apo huyo," Davis alisema. "Malimau bado?"

"Mama Boaz hakumwaga sabuni," Apolonia alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba, akairudia kwa nguvu. "Mama Boaz hakumwaga kitu. Mimi niliziba tundu la ndoo kwa kanga na udongo. Maji yakakosa pa kutokea, mizizi ikaoza. Jana alfajiri niliizibua nikaficha ile kanga. Nilisikia mnamsema, nikanyamaza."

Chapati ikaungua kwenye kikaango na Klara hakuigeuza.

"Apolonia," alisema mwishowe, "unajua ulichonifanya? Nimempigia Bibi Lata. Nimezunguka mtaa mzima na maneno haya."

Fundi mmoja mtu mzima, Mzee Mwigulu, aliyekuwa hasemi sana, aliweka kikombe chake chini. "Na ndoo yenyewe, Klara, ilitolewa kivulini na nani?"

Klara akautazama ukuta wa mabati, akalitazama benchi la tatu.

Simu ya pili ya Geita ilipigwa kwa sauti kubwa kama ile ya kwanza. Klara alitaka kwenda nayo chumbani, lakini akajizuia, akaiweka mezani. Apolonia alisema yote tangu mwanzo. Alieleza hata ya maji ya kijijini kwao.

"Mama Boaz yuko wapi?" Bibi Lata aliuliza.

"Ameondoka, Bibi."

"Mrudisheni kwanza. Habari ya mti baadaye."

Klara alivua aproni, akajitupia kanga begani na kutoka mwenyewe, jua kali, chapati akawaachia wateja wajigeuzie. Alikaa karibu saa nzima. Waliporudi Klara alikuwa mbele akiongea, na Asteria nyuma, hatabasamu. Hakuna anayejua walichoambiana njiani, maana kwa mara ya kwanza Klara hakusimulia.

Asteria alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo. Aliishika kwa mikono miwili, akaiinua kidogo, akaiachia.

"Nzito kama jiwe," alisema. "Tundu halijazibuka vizuri. Nipe msumari."

Apolonia alimpa. Asteria akachokonoa mpaka udongo wote ukatoka, maji yakaendelea kuchuruzika. Alizungumza akiwa anafanya kazi, bila kumtazama mtoto.

"Nilipokuwa Geita, wachimbaji walishuka kwenye duara, yale mashimo marefu ya dhahabu. Mvua ikijaza duara maji, hakuna anayeshuka. Si kwamba maji ni mabaya. Chini hakuna hewa. Mizizi nayo ni hivyo hivyo. Inakunywa, lakini na kupumua inapumua. Wewe uliishusha kwenye duara lililojaa, ukaendelea kumimina."

"Lakini majani yalikuwa yanalegea, mama. Nikajua ni kiu."

"Mzizi uliooza haunyanyui maji. Kwa hiyo jani linalegea kwa kiu, na chini kuna bwawa. Halafu jua la hapa, na bati linamchoma mgongoni. Kabla ya kumpa maji, kidole. Kichomeke mpaka kiungo cha pili. Ukikuta ubichi, usimpe, hata kama amelegea. Msogeze kivulini."

Waliubeba mti hadi kibarazani. Mzee Mwigulu aliliondoa lile benchi la tatu bila kuulizwa. Asteria aliilaza ndoo, akautoa mti na udongo wake kama mtu anavyotoa ugali sufuriani. Mizizi mingi ilikuwa myeusi, inateleza mkononi. Akaikata kwa kisu cha Klara. Michache, ya pembeni, ilikuwa bado myeupe. Hiyo hakuigusa. Davis alitumwa na pikipiki yake kuleta mchanga wa mtoni, wakauchanganya na udongo mkavu, wakaurudisha mti ndani. Matawi yaliyokauka yakapunguzwa. Ndoo wakaiweka juu ya matofali mawili ili chini ipite hewa, na juu ya udongo wakatandaza pumba za mpunga kuzuia joto.

"Tuweke na mbolea, apate nguvu," Klara alipendekeza.

"Mbolea asubiri," Asteria alisema. "Mtu katoka kuumwa tumbo, unampa pilau?"

Watu wakacheka, na Asteria karibu acheke.

Kisha ikabaki kungoja. Kila asubuhi Apolonia alichomeka kidole. Siku nyingine alimpa maji nusu kikombe, siku nyingine hakumpa kabisa, akaenda shule akiwa na wasiwasi. Siku ya tano majani yote yaliyobaki yalidondoka, likabaki shina na vijiti. Siku ya saba Davis hakuuliza habari za malimau. Siku ya tisa, ikiwa Jumatatu, Apolonia alikuwa na hakika amekufa, akampeleka Asteria aone alipokuja kesho yake. Asteria alikwaruza shina kwa ukucha. Chini ya gome jembamba palikuwa na rangi ya kijani.

"Yupo," alisema tu.

Siku ya kumi na mbili kitone cha kijani kilitokeza karibu na kitako cha shina. Kisha cha pili juu yake. Bibi Lata aliporudi mwanzoni mwa Novemba, mlimdo ulikuwa na majani machanga sita, madogo kama kucha za mtoto mchanga aliyetoka kumwona.

Aliinama akautazama. Aliketi kwenye kiti chake kibarazani, akawaita Apolonia na shangazi yake.

"Mnisikilize wote wawili," alisema. "Apolonia, kuziba tundu lilikuwa kosa la mtu asiyejua. Ulitoka mahali ambapo maji yana heshima, na hilo siwezi kukugombeza. Ningekugombeza kwa kutoniuliza, nilikuambia uniulize. Lakini baada ya kujua, ulikaa kimya siku moja na nusu, na katika hiyo siku moja na nusu mtu alipoteza kazi yake kwa kitu ambacho hakukifanya. Hapo ndipo palipo na kosa lenyewe. Umelielewa?"

"Nimelielewa, Bibi. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe siku ile uliposema mbele ya watu. Wengi wazima hawawezi. Mimi mwenyewe nilisikia maneno ya simu nikayakubali, sikumwuliza Mama Boaz hata neno moja. Nimeshamwomba radhi." Akamgeukia Klara. "Nyumba zake zote zimemrudishia kazi?"

Klara alitazama chini. "Ya geti la bluu imemrudishia. Ya tatu nayo. Ile ya mwisho, kule karibu na mashine ya kusaga, wamesema wameshapata dobi mwingine. Na nahisi bado wanaamini ile habari ya kwanza."

"Ulikwenda mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na hayo ya sabuni uliyasema mara ngapi?"

Bibi Lata hakungoja jibu, akasema kwa upole, "Mti umechipua kwa siku kumi na mbili kwa sababu mlimwangalia kila asubuhi. Jina la mtu ukiliharibu, nalo linataka uliendee kila siku mpaka lisimame. Kumwambia mtu mmoja mara moja, halafu ukae ukijiona umemaliza, haitoshi."

Ilikuwa saa nne, wakati ambao mabenchi huwa yamejaa na chapati hazitoshi. Klara aliinuka, akakiteremsha kikaango jikoni, akaufunika unga. Wateja wakauliza kulikoni.

"Narudi," alisema, akichukua kanga yake. "Ninakwenda kule kwenye mashine ya kusaga, kuna mama mmoja hajanielewa vizuri."

Apolonia alikausha mikono, akavaa kandambili zake, akamfuata.